Kwa Nini Bado Wapo Wanaopakua Barua Pepe Zao

Miongoni mwa watumiaji wa kompyuta lipo kundi dogo ambalo wengine hulitazama kwa huruma. Ni watu wanaosoma barua pepe kwa programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta, Thunderbird kwa mfano, ambayo huzichukua barua kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayozipokea, na kuziweka kwenye diski yao, ilhali karibu kila mtu mwingine hufungua kivinjari au programu ya simu na kuzisoma hukohuko zilikohifadhiwa na kampuni. Hoja dhidi yao ni fupi: Gmail ni bure, hufunguka popote, haihitaji kusanidiwa, na barua hazipotei kompyuta ikiibwa. Kila kipengele cha hoja hiyo ni kweli. Ninachotaka kukipima ni kama vipengele hivyo vinatosha kuufunga mjadala, kwa sababu naona kile cha mwisho, yaani kwamba barua hazipotei, kimebebeshwa mzigo usiolingana nacho.

Desturi ya kuziacha barua kwa kampuni ni changa kuliko inavyodhaniwa. POP, itifaki (yaani utaratibu wa kompyuta kuwasiliana) ambayo toleo lake la tatu liliandikwa mwaka 1988 na bado linatumika, ilijengwa juu ya dhana kwamba seva ni mahali pa kupokelea tu: kompyuta ya mtumiaji inaunganishwa, inachukua kilichopo, na seva inabaki tupu. Hata Hotmail, iliyofunguliwa Julai 1996 na kuwazoesha watu kusoma barua ndani ya kivinjari, mwanzoni ilitoa megabaiti 2 tu za hifadhi, kiasi ambacho leo hakitoshi hata picha moja ya simu nzuri, hivyo aliyetaka kutunza barua alizihamisha na asiyejali alizifuta. Mambo yaligeuka tarehe 1 Aprili 2004, Gmail ilipotangazwa ikiwa na gigabaiti 1, kiasi kilichowafanya baadhi ya watu waamini kuwa tangazo lenyewe ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Tangu hapo kufuta barua kukaonekana ni kupoteza muda, na mahali pa kupokelea pakawa ghala. Sisi tuliozoea masanduku ya posta tunapaswa kuuona ugeni wa jambo hili upesi zaidi, maana mwenye S.L.P. alikwenda na ufunguo wake, akachukua barua na kurudi nazo nyumbani. Hakuna aliyeacha hati ya kiwanja na vyeti vya watoto ndani ya sanduku la posta kwa miaka ishirini kwa sababu tu posta haikulalamika.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba watu walihadaiwa, na kwa Afrika Mashariki hasa njia nyingine haikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi waliingia kwenye intaneti kupitia kafe za mjini, wakilipa kwa dakika mbele ya kompyuta ambayo saa iliyofuata ingekaliwa na mtu mwingine, na kupakua barua kwenye kompyuta hiyo kungekuwa kuzigawa kwa kila aliyekuja baadaye. Anwani ya Yahoo au Hotmail ndiyo iliyoweza kumfuata mtu kutoka Mombasa hadi Muscat bila yeye kumiliki kompyuta. Leo wengi wana simu pekee, na kwao hali haijabadilika sana. Kuhusu barua taka, kampuni kubwa zina uwezo ambao mtu binafsi hawezi kuufikia: Google hudai kuzuia zaidi ya asilimia 99.9 ya barua taka na za ulaghai, na hata tukipunguza kidogo, kama inavyostahili dai la muuzaji, kinachobaki ni kikubwa. (Ukubwa peke yake si kinga, bila shaka, udukuzi wa Yahoo wa mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote bilioni 3.)

Upungufu unaonekana mtu anapoanza kuhesabu gigabaiti. Tangu 2013 Google imeunganisha hifadhi ya Gmail, ya mafaili (Drive) na ya picha kuwa fungu moja la gigabaiti 15 kwa kila akaunti ya bure. Juni 2021 picha na video, ambazo awali zilihifadhiwa bila kikomo zikipunguzwa ubora kidogo, zikaanza kuhesabiwa ndani ya fungu hilo, na mwaka 2024 chelezo (nakala za akiba) za WhatsApp za simu za Android nazo zikaingizwa humo. Tuikadirie barua ya kawaida ya maandishi kuwa na kilobaiti 50. Gigabaiti 15 zingebeba barua 300,000, yaani barua 20 kila siku kwa zaidi ya miaka 40. Sasa tuchukue video ya simu, ambayo kwa ubora wa kawaida hufikia megabaiti 100 kwa dakika au zaidi: fungu lilelile linajazwa na saa mbili na nusu. Kwa maneno mengine, barua zenyewe kamwe zisingejaza hifadhi ya mtu wa kawaida katika maisha yake ya kazi, lakini zimewekwa chumba kimoja na kitu kinachoweza kukijaza katika sherehe moja.

Matokeo yake yanastahili kutazamwa polepole, kwa sababu ni wachache huyafikiria kabla hayajawafika. Fungu likijaa na kubaki limejaa, Gmail haifuti cha zamani ili kupisha kipya. Inaacha kupokea, na barua inarudishwa kwa aliyeituma. Mtumaji akiwa rafiki atapiga simu kuuliza kulikoni. Lakini barua nyingi muhimu za siku hizi hazitumwi na rafiki, wala hazitumwi na binadamu: ni mfumo wa maombi ya kazi unaowaarifu walioitwa kwenye usaili, mfumo wa chuo unaotoa namba ya udahili, au benki inayotuma msimbo wa kuthibitisha muamala. Barua ikirudi kwenye mfumo wa namna hiyo, mara nyingi inaangukia kwenye anwani ambayo hakuna anayeisoma. Kwa hiyo kijana anaweza kuukosa usaili kwa sababu kundi la WhatsApp la kamati ya harusi limemletea video za sendofu, simu ikazichelezesha usiku bila kumuuliza, na hifadhi ikajaa siku tatu kabla ya barua kutumwa. Isitoshe, kwa masharti yaliyoanza Juni 2021, akaunti inayokaa juu ya kiwango kwa miaka miwili inaweza kufutiwa vilivyomo, barua zikiwa miongoni.

Mtetezi wa kampuni atajibu kwamba maonyo hutolewa mapema, na kwamba nafasi ya ziada inauzwa kwa ada ndogo. Majibu yote mawili ni sahihi, ingawa la pili linasema waziwazi kile ambacho neno "bure" lilikificha: mtu anaanza kulipa kila mwezi, bila mwisho unaoonekana, ili aendelee kuzifikia barua zake mwenyewe. Mwenye nakala kwenye diski anayo njia nyingine, kwani anaweza kufuta kwenye seva barua zote za kabla ya 2015 pamoja na viambatisho vyake bila kusita, akijua anazo.

Suala la akaunti kufungwa ni zito zaidi, ingawa huwapata wachache. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na ufutaji ukaanza Desemba mwaka huohuo. Anayeingia kila siku haguswi na sharti hilo, lakini linamgusa marehemu, ambaye barua zake za pensheni, za kesi ya ardhi au za ndugu walioko ughaibuni mara nyingi ndizo kumbukumbu pekee ambazo warithi wangezihitaji. Halafu ipo namba ya simu. Huduma nyingi humrudishia mtu akaunti yake kwa kutuma msimbo kwenye namba aliyoisajili, na katika nchi zetu laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, kisha namba hiyo hupewa mteja mwingine. Aliyefungua akaunti mwaka 2011 kwa laini aliyoiacha zamani anaweza kugundua, siku simu yake ikiibwa, kwamba msimbo wake unakwenda kwa mgeni, na akaunti ya bure haina kaunta ya huduma ambako angepanga foleni akiwa na kitambulisho mkononi. Nakala ya kwenye diski haimrudishii akaunti hiyo, wala huduma nyingine zilizofunguliwa kwa anwani hiyo. Inachookoa ni yaliyokuwemo ndani, na kwa mtu aliyekuwa na mikataba, risiti na makubaliano ya miaka kumi, hicho si kidogo.

Lipo pia jambo la mtandao wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani kwa siku kadhaa. Barua mpya zilikuwa shida kuzipata, lakini aliyekuwa na programu kwenye kompyuta aliendelea kutafuta na kusoma zote za zamani. Gmail inayo namna ya kutumika bila mtandao ndani ya kivinjari cha Chrome, ila huweka barua za siku 7, 30 au 90 tu.

Ninapowasikiliza wanaopakua, hata hivyo, naona wengi wao wanajiamini kuliko hali yao inavyoruhusu. Programu za leo kwa kawaida huunganishwa kwa itifaki nyingine, IMAP, na IMAP haichukui barua kwa maana ya POP. Inaonyesha kilichopo kwenye seva na kuweka nakala inayofuata mabadiliko ya seva. Barua ikifutwa kule, iwe na mwenyewe, na mdukuzi au na kampuni, itatoweka kwenye kompyuta pia mara programu itakapounganishwa tena. Anayetaka kumiliki barua kweli lazima azinakili kwenye folda za ndani ya kompyuta, zile ambazo hazina uhusiano na seva yoyote, kisha anakili mafaili hayo kwenye diski ya pili, maana diski hufa na kompyuta huibwa. Mwenye diski moja isiyo na chelezo amehama tu kutoka kwenye hatari isiyowapata wengi kwenda kwenye hatari inayowapata watu kila siku, na hapo mtetezi wa kivinjari anamshinda bila jasho.

Pamoja na hayo, kuna sifa moja ambayo kivinjari hakina jibu lake. Eudora, programu ya barua pepe aliyoiandika Steve Dorner mwaka 1988, ilipendwa kwa miaka mingi hadi kampuni iliyoimiliki, Qualcomm, ilipotangaza mwaka 2006 kwamba inaachana nayo. Programu ilikufa, barua hazikufa, kwa sababu zilikuwa kwenye mafaili ya maandishi ambayo programu nyingine ziliweza kuyasoma. Thunderbird nayo ilipita kipindi kibaya, shirika lililoiunda, Mozilla, lilipoipunguzia kipaumbele mwaka 2012, ikaja kufufuka na kupata toleo la Android mwaka 2024. Muda wote huo aliyekuwa na mafaili yake ya mbox, muundo huo wa maandishi unaosomwa na programu nyingi, hakuwa na sababu ya kuomba ruhusa kwa mtu.

Tahadhari moja inahitajika hapa, kwa kuwa mstari kati ya kambi mbili unafutwa taratibu. Programu mpya ya Outlook, ambayo Microsoft imeiweka mahali pa ile ya Mail iliyoachwa mwishoni mwa 2024, inasakinishwa kwenye kompyuta na ina sura ya programu ya kompyuta, lakini mtu akiiunganisha na akaunti ya Gmail au ya kampuni nyingine, kwa kawaida barua hupitia na kunakiliwa kwenye seva za Microsoft. Aliyedhani ameondoka kwa mlezi mmoja anajikuta ana wawili. Kwa hiyo kigezo ni mahali faili lilipo, na kama linafunguka siku kampuni husika isipokuwepo. Kuwepo kwa alama ya programu kwenye skrini hakuthibitishi lolote.

Kwa upande wangu, sioni sababu ya kumshauri mtu aache Gmail. Kichujio cha barua taka peke yake kinatosha kumbakiza, na mwenye uwezo wa kulipia jina lake mwenyewe la mtandaoni (domeni) linaloishia na .co.tz au .co.ke, akalielekeza kwenye huduma yoyote ya barua anayoitaka, tayari ametatua tatizo la anwani ambalo hata Thunderbird hailigusi. Ninalolipinga ni kuifanya Gmail iwe nakala pekee. Asiye na kompyuta ya kila siku anaweza kutumia Takeout, huduma ya Google ambayo tangu Desemba 2013 inamruhusu mtu kuomba barua zake zote katika faili la mbox. Hifadhi nzima ya gigabaiti 15 inaingia kwenye flashi ya gigabaiti 32 na nafasi inabaki. Kikwazo halisi ni bando, kwa sababu kushusha gigabaiti nyingi kwa mtandao wa simu ni gharama, na ukikatika katikati huenda mtu akaanza upya. Ndiyo maana kazi hii ifanyike mapema, kisanduku kikiwa bado na gigabaiti 2 au 3, kwenye kompyuta ya ofisini au ya ndugu mwenye intaneti ya nyumbani, na faili lifunguliwe siku hiyohiyo ili kuhakikisha kwamba limetimia.