Bloku za Rangi Mbele ya Muuza Dagaa: Mwanafunzi Anajifunza Nini?

Kuna swali linalozua ubishi kila linapotajwa mbele ya watu wa kompyuta, nalo ni hili: mwanafunzi anayetengeneza aplikesheni ya simu kwa kuburuta bloku za rangi na kuziunganisha, badala ya kuandika msimbo (maagizo ya kompyuta kwa maandishi) mstari kwa mstari, amejifunza kazi hiyo au amecheza tu? Chombo kinachotajwa zaidi ni App Inventor, kilichoanzia Google mwaka 2010 chini ya uongozi wa Hal Abelson na Mark Friedman, kikahamia chuo cha MIT nchini Marekani na kufunguliwa upya huko mwaka 2012. Hutumika bila malipo kupitia kivinjari. Upande mmoja mwanafunzi hupanga muonekano wa skrini, na upande wa pili hupanga bloku zinazoamua kitufe kikibonyezwa kitokee nini.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Bloku zisizopatana hazishikani, kwa hiyo anayeanza hakwamishwi na mabano aliyosahau kufunga. Kwa mwanafunzi wetu wa Tanzania, aliyesoma msingi kwa Kiswahili kisha akakutana na Kiingereza kidato cha kwanza, hilo si jambo dogo, kwa maana huondolewa vita viwili vya wakati mmoja, yaani kuelewa mantiki ya programu na kusoma ujumbe wa kosa katika lugha ambayo bado anaitafuta. Scratch, mtangulizi wake wa mwaka 2007 kutoka MIT hiyohiyo, ina hata Kiswahili kati ya lugha zake.

Wapinzani hujibu kwamba urahisi huo unaficha kazi yenyewe. Nadhani hapo wanakosea kwa sehemu kubwa. Tuchukue mwanafunzi anayetaka kumtengenezea mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, daftari la mauzo kwenye simu. Kwa muda mfupi tu anapata skrini yenye kisanduku cha idadi ya madebe, kisanduku cha bei, na kitufe cha kuhifadhi. Mtu mwingine anaishika simu, anaandika bei "12,000" akiweka mkato kama tulivyozoea, na aplikesheni inagoma kuzidisha kwa sababu haioni namba hapo. Kubwa zaidi, kila mauzo yamehifadhiwa katika TinyDB, ghala dogo lililo ndani ya simu, kwa lebo ileile ya "mauzo", kwa hiyo ya saa nne yanafuta ya saa tatu, na jioni daftari zima lina mstari mmoja. Hakuna bloku iliyounganishwa vibaya. Kilichokosekana ni wazo la orodha, kwamba mauzo mapya huongezwa kwenye orodha iliyopo kabla orodha haijahifadhiwa tena, na wazo hilo halibadiliki ukienda kwenye lugha za kuandika msimbo kama Java, Kotlin au Python. Anayelipata kupitia bloku amelipata.

Palipo na ukweli katika upinzani ni kwenye ukubwa wa kazi. Aplikesheni ikifikisha skrini kadhaa, bloku hutapakaa kama wavu uliotupwa bila kukunjwa, na kuitafuta ile moja yenye kasoro huchosha kuliko kusoma ukurasa wa msimbo. Wanafunzi wawili wakigawana kazi, kuunganisha sehemu zao ni shughuli ngumu, ilhali waandishi wa msimbo wana vifaa vilivyozoeleka vya kufanya hivyo.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa iko kwingine, na pande zote mbili huipita haraka. Ule upande wa kupanga muonekano unavutia mno, na mwanafunzi huanza na rangi. Usanifu huanza kwa kukaa na mtumiaji, ikibidi kwa karatasi na penseli, kabla ya kufungua kompyuta. Akikaa pale Mwaloni asubuhi moja atagundua kwamba sehemu ya mzigo hutoka kwa mali kauli, mnunuzi akiondoka na magunia na kulipa baada ya kuuza, kumbe daftari lisilo na sehemu ya madeni ni nusu ya daftari. Atagundua kwamba maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki juani. Atagundua pia kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na kazi hupungua mbalamwezi inapokuwa angavu, hivyo ripoti ya tarehe 1 hadi 30 inaweza kumsaidia mfanyabiashara kidogo kuliko ripoti ya giza zima. Huenda akakuta mteja wake anatumia kitochi na hahitaji aplikesheni kabisa, jambo ambalo nalo ni matokeo halali ya usanifu. Mwalimu anayetoa alama kwa wingi wa skrini hatayaona haya yote.

Gharama nazo haziko sawa kwa wote. App Inventor ya kawaida hutaka intaneti wakati wote wa kazi, na njia iliyozoeleka ya kujaribu aplikesheni hutaka simu na kompyuta ziwe kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi, maana yake bando la mtu fulani na hotspoti yake. Shule nyingi za sekondari haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, kwa hiyo tunafundisha aplikesheni za simu darasani pasipo na simu ila ya mwalimu. Kwa shule ya namna hiyo ningeanza na Scratch, ambayo husakinishwa na kufanya kazi bila intaneti, ingawa haitoi aplikesheni ya kubeba mfukoni.

Kuhusu wakati wa kuziacha bloku, nisingeangalia umri wala kidato. Siku mfanyabiashara atakapotaka mwanawe aone mauzo yaleyale kwenye simu nyingine, ghala la ndani ya simu halitatosha. App Inventor ina njia ya kuhifadhi mtandaoni, ila maswali yanayofuata, nani aone nini na simu mbili zikiandika kwa pamoja itakuwaje, ni mazito. Hapo ndipo ningemtaka mwanafunzi aandike daftari lilelile kwa Kotlin bila kuongeza kipengele hata kimoja, kwa kuwa tatizo analijua tayari na kigeni kwake kitakuwa msimbo peke yake.