Pipa la Pascal Lilivyoniharibia Ijumaa

Mjomba wangu alistaafu kufundisha fizikia, ila fizikia bado haijamwachia. Ijumaa moja napita kwake kumsalimia kabla ya swala, kanzu nyeupe imepigwa pasi inakata, namkuta uani kawakusanya watoto wa ghorofa nzima anawahadithia habari za Blaise Pascal.

Inasemekana mwaka 1646 Mfaransa huyo alichukua pipa lililojaa maji, akachomeka juu yake bomba jembamba la mita kama 10, akamimina maji kidogo tu, pipa likapasuka. Kisa hiki hakimo katika maandishi yake yaliyobaki, lakini hebu thubutu kumwambia mjomba. Na hesabu ziko upande wake: kinachosukuma ni kimo cha maji, si wingi wake. Maji yakisimama mita 10, kila sentimita mraba ya chombo inasukumwa kwa uzito wa karibu kilo moja, bomba liwe nene au jembamba.

Pipa hatuna. Kuna dumu la lita 20, na mpira wa levo wa fundi muashi, ule mwembamba unaoona maji ndani. Mjomba kashaupenyeza kwenye kifuniko, kakaza kwa tyubu ya baiskeli na gundi. Na ili watoto waone vizuri, katia bluu ya kufulia. Katia ya kutosha.

"Mjomba, wewe shika dumu," akaniambia, huyoo ghorofa ya tatu na jagi lake. Hata Pascal ndivyo alivyokuwa: mwaka 1648 alipotaka kupima mgandamizo wa hewa mlimani Puy de Dôme, alimtuma shemeji yake, Florin Périer, apande na zebaki.

Mpira ukajaa taratibu, mapovu yakipishana na maji. Dumu likaguna. Pembe zikapotea, mbavu zikatoka, likaota kitambi kama cha bwana harusi wa mwaka wa pili.

"Mjomba, linavimba!"

"Ndiyo elimu hiyo! Likumbatie lisianguke!"

Nikalikumbatia. PAAA! Bluu puani, bluu masikioni, kanzu yote bluu hadi mfukoni. Watoto wanashangilia, wanataka lirudiwe.

"Nusu lita tu!" mjomba anapiga kelele kule juu. "Nimemimina nusu lita tu! Limepasukia kwenye mshono au ubavuni?"

Sijajibu, mkewe akatokea mlangoni. "Nani kachukua dumu langu la maji ya kunywa?"

Kibarazani juu, kimya. Watoto wote wakaninyooshea vidole mimi, na ushahidi nilikuwa nimeuvaa.