Tukifungua soko la huduma (benki, bandari, usafiri) kwa kampuni za nje, mkamuaji wa alizeti anapata nini?

Jamaa yangu ana kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Dodoma, msimu huu mashine ikafa katikati ya kazi na spea ikakaa bandarini wiki tatu, mara karatasi moja imekosewa, mara wakala wa forodha anayemtolea mzigo hapokei simu, huku gharama ya kutunza mzigo inahesabiwa kila siku. Ukimuuliza kinachomuua hakutajii ushuru, anakutajia wakala, lori na riba ya benki. Na si yeye tu, kwa hesabu za OECD, shirika la nchi tajiri linalofuatilia uchumi, huduma ni kama theluthi ya thamani ya bidhaa za viwandani zinazovuka mipaka.

Ndo maana wanaosema tufungue nawaelewa. India walifungua benki, simu, bima na usafiri kuanzia miaka ya 90, watafiti wakaja kukuta viwanda vinavyotegemea sana huduma hizo ndo tija yake ilipanda. Sisi ahadi yetu ya kufungua huduma kwenye Shirika la Biashara Duniani (WTO) ni hoteli za nyota nne kwenda juu tu, ingawa kiuhalisia tumeshafungua zaidi, DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, si alisaini mkataba wa bandari ya Dar 2023? Halafu Julai 2025 serikali ikawazuia wageni biashara 15, ikiwemo uwakala wa forodha na kununua mazao shambani. Hiyo ya mazao naielewa, mgeni mwenye mtaji akifika hadi shambani anazoa mbegu yote jamaa anabaki na mashine isiyo na kazi. Ila ya forodha hapana, hapo tunamlinda wakala na bili anatumiwa mwenye kiwanda.

Sasa upande wa pili ambao watu wanaupita haraka: bandari ikiwa nafuu ni nafuu kwa wote. Mawese ya Malaysia na Indonesia yanashukia hapohapo Dar kwenye walaji wengi, alizeti yetu inatembea kilomita 450 kuwafuata walaji haohao. Kwa hiyo ukifungua bandari peke yake ukaacha mikopo na malori ya huku bara vilevile, umemrahisishia zaidi anayeleta mafuta kuliko anayeyakamua. Mi ningeanza na benki.

Mwishowe spea ya jamaa yangu ilifika. Mteja wake wa mashudu kule Nairobi alikuwa keshapata mtu mwingine.