Ficheni mwamba wenu, ujuzi usemeni

Majuzi swali liliulizwa mbele yangu, na majibu yake bado yananikaba roho. Mtu mgeni kabisa katika uvuvi wa mshipi alikuwa amemvuta chewa mdogo kutoka kina kirefu, akaona hajafikia kimo, akamrudisha majini. Samaki hakuzama. Alielea tumbo juu, macho yamemtoka, na kitu kama puto jekundu kimejaa mdomoni. Yule mgeni akawauliza wenye uzoefu: nimekosea wapi? Mmoja akamjibu kwamba kila mtu hujifunza kwa taabu zake. Wa pili akacheka. Wa tatu, ambaye najua kwa hakika kwamba jibu analo, alinyamaza.

Huyo wa tatu ndiye aliyenikera kuliko wote.

Maana jibu lipo, wala si refu. Chewa na wenzake wengi wa miambani wana kibofu cha hewa kisicho na mlango wa kuitoa hewa hiyo upesi. Kule chini kibofu kinabanwa na maji: kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwenye mita 30 ni mara nne. Ukimleta samaki juu, hewa ile ile inatanuka, inabana kila kilicho karibu nayo, inasukuma macho, inalisukuma tumbo la chakula hadi litokeze mdomoni. Ndiyo, lile puto ni tumbo lake lenyewe, si kibofu. Nimeona watu wazima wakilitoboa kwa ncha ya ndoana, kwa nia njema kabisa, wakiamini wanamwokoa. Wanamuua, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Dawa yake ni kumteremsha. Chukua ndoana kubwa, bonyeza kijino chake mpaka kilale, funga mshipi kwenye mpindo badala ya kwenye jicho, kisha kwenye jicho ning'iniza chubwi zito, yaani kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi. Pitisha ncha katika taya la chini la samaki, mwachie ashuke. Chubwi linamvuta chini, maji yanakibana kibofu kirudi kilivyokuwa, na akishafika kina unautikisa mshipi kwa nguvu mara moja: ndoana inachomoka, samaki anaondoka. Ufanye haraka, maana kila dakika anayokaa juu inampunguzia nafasi ya kuishi. Hakuna cha kununua hapo. Vyote vimo kisandukuni mwako tayari. Marekani walilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba kuanzia 2022 anayevua samaki wa miambani katika Ghuba ya Meksiko, kwenye maji ya serikali kuu, alitakiwa awe nacho chomboni kifaa cha kuteremshia au sindano ya kutolea hewa kwenye kibofu. Mwenzetu alihitaji maelezo ya dakika tatu. Akapewa kicheko.

Nawaambia hawa wa "jifunze kwa taabu zako": taabu hiyo haibebwi na anayejifunza. Inabebwa na samaki. Anayeanza atakosea, hilo halina mjadala, na kila kosa lake linamwangukia kiumbe ambaye hakuomba kuwa somo la mtu. Atamshika kwa mikono mikavu na kumvua ute unaomkinga na maradhi. Atamning'iniza kwa taya, uzito wote umelala kwenye mfupa mdogo, apate picha. Atapigana naye kwa mshipi mwembamba kupita kiasi wakati maji yana joto, na maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kisha amwachie akiwa hoi na aondoke akijisifu kwamba amemrudisha. Sisi tunaojua haya tumekaa pembeni tunatazama. Tunasema tunaupenda uvuvi. Tunaupenda vipi, kama mambo yanayoamua samaki aishi au afe tunayageuza kuwa malipo ya ukongwe?

Na siamini hata kidogo kwamba wakongwe walijifunza peke yao. Hakuna mvuvi aliyevumbua fundo lake. Kuna mtu alimwonyesha, kuna mtu alimwambia aliloweshe kabla ya kulikaza ili nailoni isiungue kwa msuguano, kuna mtu alimwonya kwamba fundo linaloshika vizuri kwenye nailoni linaweza kuteleza kwenye mshipi wa kusuka. Alipewa bure, leo anadai kodi.

Haya, kuna jambo nalazimika kuwakubalia wakongwe hawa, ingawa silipendi: mahali pa kuvulia si lazima pasemwe. Nilikuwa nabishana sana juu ya hili. Kisha nikasoma habari za chewa wa Nassau katika visiwa vya Cayman, kwenye bahari ya Karibi. Samaki hawa hukusanyika kutaga majira ya baridi, karibu na mwezi mpevu, mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2001 wavuvi waligundua mkusanyiko mmoja upande wa magharibi wa Little Cayman, wenye samaki wapatao 7,000. Habari zikaenea, na katika misimu miwili wakavuliwa takriban 4,000. Serikali ikapiga marufuku uvuvi katika sehemu za kutagia mwaka 2003, na kwa miaka iliyofuata idadi ikapanda karibu mara tatu. Kwa hiyo sawa. Mwamba mdogo, shimo la mto, sehemu ya kutagia, nyamazeni. Anayetaja mahali pa kutagia mbele ya umati anafanya ubaya hata kama hakukusudia.

Lakini msinichanganyie mambo. Mahali panaisha kwa kutajwa, ujuzi hauishi. Nikikufundisha kwamba kwa ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, huvuti kwa ghafla samaki anapodonoa, unakaza mshipi taratibu mpaka ijinase yenyewe kwenye pembe ya mdomo badala ya kushuka kooni, mimi sijapungukiwa na samaki hata mmoja. Bahari imepata mvuvi mmoja asiyerarua matumbo ya samaki wadogo. Anayeficha hilo kwa kisingizio cha kulinda mwamba wake halindi chochote.

Kuna uchoyo mwingine, mdogo zaidi, nao ni wa kuonyesha samaki mkubwa tu. Picha tunazo tele. Picha haimwambii mtu maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), kina gani, chambo kibichi au kilicholala, upepo ulitokea wapi. Na siku ambazo hakuna aliyedonoa hatuzisemi kabisa, wakati ndizo zinazofundisha zaidi: ukijua kwamba pale pale, kwa chambo kile kile, samaki walikataa maji yaliposimama na wakaanza kula yalipoanza kutembea, umejua kitu kuhusu samaki. Ukiona picha umejua kwamba fulani alifurahi.

Ninachoomba kinaweza kufanywa leo. Ukisimulia safari yako, acha jina la mahali, taja mengine yote, na siku uliyorudi mikono mitupu uisimulie vile vile. Taja pia ulimrudisha nani, kutoka kina gani, na kama alizama mwenyewe au ulilazimika kumteremsha. Nami nataka sana kusikia kutoka kwa wale wanaovua kupita mita 40: chubwi la uzito gani linawatosha kumshusha chewa mkubwa bila kumchana taya?