Aliyejiua hatusikii, wanaotusikia ni waliobaki

Mtu akifa kwa malaria, kwa saratani au kwa ajali, watu huuliza ilikuwaje, kisha huwapa wafiwa pole. Akijiua, pole hutanguliwa na upelelezi. Aligombana na nani? Alikuwa na madeni? Mkewe alimwambia nini? Wazazi nao walikuwa wapi wasione? Maswali haya huulizwa msibani, mbele ya watu ambao hawajapata usingizi, na ndani ya kila swali mna tuhuma. Tunadhani tunamhukumu marehemu. Yeye hukumu haimfikii tena, inawaangukia waliobaki.

Zamani sheria ilifanya hivyo waziwazi, bila haya. Uingereza, mtu aliyejiua akiwa na akili timamu alihesabiwa mhalifu. Mali yake ilichukuliwa na Mfalme, na maiti yake ingeweza kuzikwa njia panda, kigingi kimepigiliwa mwilini. Mwaka 1823 Bunge lilikomesha maziko ya njia panda na kuruhusu azikwe makaburini, ila iwe kati ya saa tatu na saa sita usiku, bila ibada. Utaifishaji wa mali uliendelea hadi 1870. Marehemu hakuwa na haja na mali hiyo. Aliyelala njaa ni mjane na watoto wake, ambao hawakuwa wametenda kosa lolote.

Kujiua kuliacha kuwa kosa la jinai katika England na Wales mwaka 1961, lakini sheria ile ilikwisha kusafiri na ukoloni, na kwingine imebaki hadi juzi. Ghana na Malaysia zilifuta kosa la kujaribu kujiua mwaka 2023. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba. Hatua hizi nazifurahia, ingawa sijawahi kuelewa hata siku moja mantiki ya kumtia pingu mtu aliyelazwa hospitalini kwa sababu alikuwa hataki tena kuishi. Sheria ya namna hiyo haimtishi aliyekata tamaa. Inamtisha ndugu yake, ambaye badala ya kukimbilia kwa daktari na kueleza ukweli anaanza kutunga hadithi ya ajali.

Hoja ya dini huletwa haraka sana katika mazungumzo haya, mara nyingi na watu wanaofikiri dini zao zimefunga mlango kuliko zilivyoufunga. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 iliwanyima maziko ya kikanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 haikuwataja tena katika orodha ya wanaonyimwa. Katekisimu ya 1992, yaani kitabu cha mafundisho ya Kanisa hilo, inaendelea kufundisha kwamba kujiua ni kosa zito, lakini inasema pia kwamba matatizo makubwa ya kiakili, uchungu au hofu kali hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Katika Uislamu kujiua ni dhambi kubwa, hilo halina ubishi, na bado wanazuoni wengi wanasema aliyejiua huoshwa, huswaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu wenzake. Kwa hiyo anayesimama msibani na kuitangazia familia kwamba mtoto wao yuko motoni amejitwalia cheo ambacho hakupewa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Neno linaloniudhi kuliko yote ni "mbinafsi". Eti alijifikiria mwenyewe tu, hakuwafikiria watoto. Waliozungumza na watu walionusurika, au na wanaoishi na sonona kali, ugonjwa wa akili ambao wengine huuita depression, wanajua kwamba mara nyingi mambo huwa kinyume kabisa. Sonona haileti huzuni peke yake. Huvuruga usingizi na hamu ya kula, hunyong'onyeza mwili, kisha huanza kumnong'oneza mtu kwamba yeye ni mzigo na kwamba nyumba itapumua akiondoka. Huo ni uongo, lakini kwake una uzito wa kweli tupu. Mtu anaweza kuwa anawafikiria watoto wake usiku kucha na ugonjwa ukamfikisha kwenye jibu baya. Ukimwita mbinafsi hujamweleza hata kidogo. Umewafundisha tu watoto wake kwamba baba hakuwapenda.

Si kila anayejiua ana sonona, na wengi mno wenye sonona hawajiui. Kuna madeni, kuna maumivu ya mwili yasiyokoma, kuna ulevi, kuna unyanyasaji wa majumbani, kuna aibu iliyomkuta mtu ghafla. Kwa kawaida mambo hayo hufungamana. Ndiyo maana yule ndugu anayetafuta sababu moja na mkosaji mmoja hatampata, ila ataharibu familia akimtafuta.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka. Idadi hiyo hunukuliwa sana. Kinachosemwa kwa nadra ni nini huwapata wanaobaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 Uingereza, uliofanywa kwa vijana zaidi ya 3,000 wa vyuoni na wafanyakazi wa vyuo waliowahi kufiwa ghafla, ulionyesha kwamba waliofiwa na mtu aliyejiua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 65, wa kujaribu kujiua kuliko waliofiwa kwa kifo cha ghafla cha kimaumbile, kama cha maradhi. Ilikuwa hivyo awe marehemu ni ndugu wa damu au rafiki tu, kwa hiyo kusema "ni ya ukoo" hakutoshi. Kilichonishtua zaidi ni kwamba watafiti walipoingiza katika hesabu zao unyanyapaa walioupata wafiwa hao, tofauti hiyo ilififia. Yaani sehemu ya hatari haitoki kwenye kifo chenyewe, inatoka kwetu.

Na unyanyapaa haupigi kelele kila mara. Mara nyingi ni ukimya. Jirani anabadili njia kwa sababu hajui aseme nini. Picha inaondolewa ukutani. Jina la marehemu halitajwi tena mezani. Watoto wanaambiwa baba alianguka, au alipatwa na moyo, halafu ukweli wanausikia shuleni kwa mtoto mwingine anayewacheka. Hapo wamefiwa mara mbili, maana waliyemwamini nyumbani naye ameonekana mwongo. Mtoto anaweza kuambiwa ukweli kwa maneno ya umri wake: baba alikuwa mgonjwa sana katika mawazo yake, ugonjwa ukamfanya ajiue, na si kwa sababu ya kitu ulichofanya wewe. Kipande hicho cha mwisho kirudiwe tena na tena, kwa sababu watoto hujilaumu kimyakimya.

Wapo wanaosema kwamba tukilegeza ukali tutawapa wengine moyo wa kujiua. Hofu yao siidharau, maana uigaji upo kweli. Lakini kinachouchochea ni kuelezea namna kifo kilivyotokea, kusambaza picha na ujumbe wa mwisho wa marehemu, na kumgeuza shujaa aliyepata suluhisho. Vienna, mwaka 1987, baada ya waandishi wa habari kupewa mwongozo na kuacha kuvipamba vifo vya kujiua kwenye treni za chini ya ardhi, vifo hivyo vilipungua sana. Nani leo anasambaza zile picha? Mara nyingi ni haohao wenye matusi kwa marehemu, simu mkononi, kundi moja hadi jingine.

Hofu nyingine ni kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utampandikizia wazo. Tafiti zimelichunguza jambo hili na hazikuona hivyo. Wengi huulizwa wakapata nafuu, kwa sababu hatimaye kuna wa kumwambia. Basi uliza wazi, ukilitaja neno lenyewe, kujiua. Akisema ndiyo, usimhubirie. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vya kumdhuru, na umfikishe hospitali au kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo. Mtu huyo anaweza kuwa amekaa viti viwili kutoka kwako msibani, anasikiliza mnavyomzungumza marehemu, na anapima kama atathubutu kufungua mdomo.

Kwa wafiwa hakuna sentensi ya ajabu ya kuwaponya. "Pole, nilimpenda pia" inatosha. Swali la "kwa nini" waachie wao. Wakitaka kulizungumza watalizungumza, na watalirudia hata mara mia. Wapigie simu mwezi wa nne, wa tano baada ya msiba, wakati wengine wote wameshasahau, na umtaje marehemu kwa jina, useme na yale mliyocheka pamoja naye.