Mimba 14 mlangoni mwa hospitali

Ukifika hospitali ya Sidra mjini Doha, Qatar, unapokelewa na mimba. Ni sanamu 14 za shaba, kazi ya Mwingereza Damien Hirst. Zinaanzia mbegu na yai vinapokutana, kisha unaona mji wa mimba ulio wazi na kijusi kinachozidi kukua, hadi mtoto mchanga wa kiume, uchi kama alivyozaliwa, urefu wake mita 14. Ghorofa nne hizo.

Zilizinduliwa Oktoba 2013. Mitandaoni kukachafuka, na haukupita muda zikafunikwa. Wahusika walisema zinakingwa na shughuli za ujenzi, maana hospitali ilikuwa haijakamilika. Huenda. Lakini mwezi uleule sanamu ya mwanasoka Zidane akimpiga mpinzani wake Materazzi kichwa iliondolewa ufukweni Doha baada ya wiki chache tu, basi watu wakajijumlishia wenyewe. Zile za Sidra zilifunuliwa tena 2018.

Wapinzani walishika dini, na sisi wasemaji wa Kiswahili tunawaelewa upesi, kwa kuwa lugha yenyewe imetutega: kazi ya msanii ni sanamu, na kinachoabudiwa nacho ni sanamu. Watetezi wana jibu zito. Sheikha Al-Mayassa, mkuu wa Qatar Museums, taasisi ya makumbusho ya nchi hiyo, aliwakumbusha watu kwamba Qurani inazungumzia muujiza wa kuzaliwa. Suratul Muuminun inamtaja mwanadamu hatua kwa hatua: tone, pande la damu, pande la nyama, mifupa, kisha mifupa ikavikwa nyama. Kutaja, sawa. Kuchonga ni jambo jingine, na hapo mashehe hawatamalizana leo.

Linalonikwaza mimi ni jingine kabisa. Sidra ni hospitali ya kina mama na watoto. Mchukue mama ambaye mimba imemharibikia juzi, anarudi kuonwa na daktari, kadi mkononi, mumewe nyuma hana la kusema. Huku kwetu pwani mimba changa hata shoga yako humwambii. Unajitanda kanga ukasubiri ijioneshe yenyewe, maana miezi tisa ni mingi na macho ya watu mabaya. Kwa mama huyo, sanamu ya tano labda ndipo alipoishia. Zote zinazofuata zinamwonesha asikofika.

Wapo watakaonijibu kuwa hospitali nyingi ni kuta tupu na harufu ya dawa, na anayetoka na kichanga mikononi ana haki ya kushangilia. Kweli. Mtoto mgonjwa naye akiliona lile jitoto la shaba pengine atacheka, na kicheko hospitalini si haba. Ndiyo maana sisemi zing'olewe. Ningeziweka ua wa ndani, mtu aende akitaka, akae kwenye benchi, aondoke akichoka. Mlango mkuu hauna hiari hiyo.

Najua, mita 14 hazifichiki uani. Jitoto basi libaki nje. Zile 13 ndizo ningezihamisha.