Nilioa Jumanne, nalipia Jumamosi za wenzangu

Asubuhi hii chai hata sijaipuliza, simu inalia: nimeingizwa kwenye grupu la kamati ya harusi. Singo 70,000, dabo 120,000, ahadi ziandikwe kabla ya Ijumaa. Harusi ya nani? Ya yule dogo wa bodaboda aliyekuwa shahidi wangu bomani. Ndiyo, shahidi wangu alikuwa bodaboda. Msicheke.

Mwenzenu nilipiga hesabu kama mtu mzima. Jumamosi ukumbi bei ya kiwanja, mshereheshaji bei ya ng'ombe. Jumanne tunaingia bomani watu kumi na wawili, tunakula pilau mgahawani, kwisha. Taarifa ya siku 21 tukaiwasilisha mapema, nikajiona bwana mipango. Shangazi akasema harusi ya Jumanne ni ya watu wanaokimbia madeni. Bosi akaniruhusu hadi saa saba: "Ukimaliza kuoa, pitia ofisini." Fundi wa suti, nilipomwambia Jumanne, akajibu sawa, njoo upime.

Siku ikafika. Tumekaa kwenye benchi, bibi harusi na gauni lake, katikati ya watu waliofuata vyeti vya kuzaliwa. Sheria inataka mashahidi wawili. Wa kwake, dada yake, yupo tangu saa mbili. Wangu niliyempanga mwanzo anatuma ujumbe: "Kaka, nipo Ubungo, foleni." Nusu saa baadaye: "Kaka, bado Ubungo." Karani anachungulia mlangoni: "Nyie wa ndoa, msipojaza watu tunaita wengine."

Nikatoka mbio. Getini namkuta dogo aliyenileta, bado anasubiri buku yake iliyobaki.

"Dogo, una kitambulisho cha taifa?"

Akarudi nyuma hatua mbili, mkono kwenye ufunguo wa pikipiki. Nikamweleza shida yangu, akafikiri sana.

"Naweka saini tu, braza? Mahari hainihusu?"

"Haikuhusu."

"Na chombo changu nani anakilinda?"

Hapo ndipo mjomba wangu, mzee wa watu aliyepanda basi kutoka Kilosa kuja kuona ndoa, alipoachwa juani na kanzu na koti lake, ameshika usukani wa pikipiki. Abiria wawili wakamuuliza nauli ya Kariakoo.

Dogo akaingia na kizibao chake kinachong'aa, kofia ngumu kwapani, mnyenyekevu kama mzee wa kanisa. Msajili akamtazama, akanitazama mimi.

"Bwana harusi unamfahamu?"

"Namfahamu, mheshimiwa. Namdai."

Ndoa ikafungwa. Kwenye picha zote yuko katikati, mama mkwe akashikilia kwamba tunafanana. Mgahawani akala sahani mbili, ya tatu akaomba ifungwe, ya mchumba. Kumbe mchumba mwenyewe ndiye huyu ninayechangishwa leo!

Mimi hizi Jumamosi za watu nimezichangia tangu nina nywele, daftari ninalo. Zamu yangu ikafika nikawapunguzia mzigo, badala ya shukrani nanuniwa: "Mbona kimyakimya?" Aliyeuliza hakutuma hata vocha! Halafu wakaanza kuja nyumbani mmoja mmoja "kuwaona maharusi", miezi miwili, kila jioni soda, kila jioni pilau. Ukumbi ungefunga saa sita usiku, mimi wangu haukufungwa. Na kila mgeni kwapani ana saa ya ukutani. Tunazo tano. Hivi nani aliwaambia watu kwamba waliooana hawajui saa? Ya sebuleni inawahi, ya jikoni ina jogoo anayewika saa nane usiku, jirani kashalalamika kwa mjumbe.

Nikatoka kwenye grupu. Dogo akanirudisha, akaandika: "Huyu ni braza wangu, ndoa yake nimeifungisha mimi." Wajumbe wakamwaga makofi. Mke wangu kachungulia simu, kauliza sare ni rangi gani.